Mteja anapotaka lugha "changamfu na ya kirafiki"

SWALI: Mimi ni mwandishi wa matangazo wa kujitegemea. Karibu kila mteja huniagiza niandike kwa lugha "changamfu na ya kirafiki", kisha rasimu hurudishwa tena na tena bila mtu kunieleza kilichopungua. Je, tatizo ni uandishi wangu au ni maagizo, na nifanye nini nisiendelee kufanya kazi isiyolipwa?

JIBU: Kwa maelezo yako, tatizo linaanzia kwenye maagizo. Kila kampuni hujitakia uchangamfu na urafiki, kwa hiyo sifa hizo hazikuonyeshi ni jambo gani chapa hii inaweza kulisema ambalo washindani wake hawawezi. Nami naishi kwa kazi hiihii, na kabla ya kuandika huomba nisome malalamiko ya wateja, majibu waliyopewa, na hata ujumbe unaotokea malipo yanapokwama, kwani hapo ndipo tabia halisi ya kampuni inapoonekana. Ujumbe usemao "Ombi lako halikufanikiwa" humwacha mtu na wasiwasi. Ukiandikwa "Kadi yako imekataliwa, hujakatwa pesa, tafadhali jaribu kadi nyingine", umemjali bila kujisifu kwamba unamjali. Mwonyeshe mteja sentensi mbili za namna hiyo na umwulize ipi ni yake. Jibu lake litakufaa kuliko orodha ndefu ya sifa.

Mfano ninaouheshimu sana ni wa Avis, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari, ambayo mwaka 1962 ilikuwa nyuma ya Hertz katika biashara hiyo. Matangazo yaliyoandaliwa na wakala wa Doyle Dane Bernbach yalikiri waziwazi kwamba Avis ni ya pili, na kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi. Kwa maoni yangu, nguvu yake ilitokana na mambo madogo yaliyotajwa: kampuni haiwezi kumudu visahani vya majivu vichafu, matangi ya mafuta yaliyojaa nusu, wala waipa zilizochakaa. Mteja aliweza kufungua mlango wa gari na kukagua mwenyewe kama ahadi imetimizwa, na wafanyakazi nao walijua watapimwa kwa lipi. Kwa hiyo mwulize mteja wako ni ahadi gani yuko tayari kukaguliwa kwayo. Akikosa jibu, usijaribu kuliziba pengo hilo kwa maneno matamu, maana rasimu itarudi tu.

Kuhusu malipo, andikeni makubaliano kabla ya kuanza: idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei, gharama ya yanayozidi, na malipo ya awali. Usitoze kwa idadi ya maneno, kwa kuwa kaulimbiu ya maneno matatu inaweza kukuchukulia muda mrefu kuliko ukurasa mzima, na muda huo hauonekani kwenye ankara. Nasisitiza zaidi kifungu ambacho wengi wetu hukisahau, cha kumtaja mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha kazi. Rasimu nyingi hurudi kwa sababu meneja wa masoko ameipenda, kisha mkurugenzi ambaye hakuwahi kuzungumza nawe akaisoma kwa mara ya kwanza siku ya mwisho; omba mkurugenzi huyo awepo kwenye kikao cha kwanza, hata kama ni kwa nusu saa.