Kwa nini iodini-131 haiishi yote baada ya siku 16

Ndugu, umeuliza: kama nusumaisha (muda wa nusu ya atomu kuvunjika) ya iodini-131, aina ya iodini iliyo nururifu, ni siku 8, mbona miligramu 80 zisiishe zote baada ya siku 16? Wengi hujikwaa hapohapo. Kila siku 8 hupotea nusu ya kile kilichobaki, si nusu ya kile ulichoanza nacho. Kwa hiyo 80 inakuwa 40, siku ya 16 ni 20, siku ya 24 ni 10. Atomu haizeeki: ile iliyosalia hadi leo ina uwezekano uleule wa kuvunjika kesho kama iliokuwa nao siku ya kwanza. Ukilishika hili, hesabu zote zinafunguka.

Mtihani ukikuuliza siku ya 20, usichukue katikati ya 20 na 10 ukaandika 15. Mchoro wake ni mkunjo, si mstari ulionyooka. Gawanya muda kwa nusumaisha: 20 ÷ 8 = 2.5. Kisha piga 80 × (½)^2.5, kikokotoo kitakupa 14.1 hivi.

Ukipewa kilichobaki na kutakiwa muda, rudi kinyumenyume. Kipande cha mti wa kale kilichobakiwa na robo ya kaboni-14 yake kimepita nusumaisha mbili; nusumaisha ya kaboni-14 ni miaka 5,730 hivi, kwa hiyo 2 × 5,730, yaani miaka 11,460 hivi. Sehemu isipokuwa nusu, robo au thumni, tumia logi (logarithimu, kitufe cha log kwenye kikokotoo): muda = nusumaisha × log(kilichoanza ÷ kilichobaki) ÷ log 2. Ijaribu kwa ile 14.1 uone kama siku 20 zinarudi.