Maktaba ipo, lakini kompaila haioni: jibu kwa msomaji wa Kasarani

SWALI

Hujambo, Mhandisi. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya C ambayo inasoma mita za maji katika jengo la kupangisha hapa Kasarani, kisha inatuma vipimo kwenye seva ya mwenye jengo. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu 22.04. Mwanzoni nilipata kosa hili: «fatal error: curl/curl.h: No such file or directory», ingawa nikiandika «sudo apt install curl» naambiwa kwamba curl imo tayari. Nilisakinisha vitu vingi hadi kosa likageuka kuwa «undefined reference to `curl_easy_init'». Maktaba ya libmodbus niliijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, na programu ilipokubali kujengwa ikakataa kuanza: «error while loading shared libraries: libmodbus.so.5: cannot open shared object file». Niliongeza mstari wa LD_LIBRARY_PATH, unaotaja folda za kutafutia maktaba, kwenye faili ya .bashrc, ikawa inafanya kazi nikiiendesha kwa mkono, lakini cron, ile inayoanzisha programu kwa ratiba, ikiiamsha saa sita usiku inakufa papo hapo. Tena, programu ya usanidi iliyokuja na mita inadai libssl.so.1.1, na mwenzangu ananishauri nitengeneze kiungo kinachoelekea libssl.so.3. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU

Hujambo, ndugu msomaji. Nakushukuru kwa kunakili ujumbe wa makosa neno kwa neno, kwa maana wengi huniandikia tu kwamba «maktaba haipatikani», na kauli hiyo peke yake hainiwezeshi kusaidia. Ulichokutana nacho si kosa moja lililobadilisha sura. Ni makosa manne tofauti, na yametoka kwa watendakazi watatu. Kompaila, inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine, huhitaji faili ya vichwa, yaani ile ya .h inayotaja yaliyomo katika maktaba; kiunganishi, kinachoshikanisha msimbo huo na maktaba, huhitaji maktaba yenye jina lisilo na nambari ya toleo; na kipakiaji, ambacho hufanya kazi yake wakati programu inapoanzishwa, huhitaji maktaba yenye jina lililo na nambari. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, jiulize ni nani kati ya hao watatu aliyelalamika, alikuwa akitafuta faili ya jina gani, na aliitafuta katika folda zipi. Jibu la maswali hayo karibu kila mara limo ndani ya ujumbe wenyewe, na hasa ndani ya kosa la kwanza kabisa. Makosa arobaini yanayofuata mara nyingi ni mwangwi wake tu.

Tuanze na curl.h. Aliyelalamika hapo ni kompaila. Ulipoandika «apt install curl» ulipewa programu ya curl, ile ya kupakua faili kwa kuandika amri, ambayo huandamana na maktaba ya kuiendesha iitwayo libcurl.so.4. Programu iliyokwisha kujengwa haihitaji zaidi ya hapo, na ndiyo sababu Ubuntu na Debian hazikuwekei faili za vichwa ila umeziomba. Hizo huwekwa katika kifurushi cha pili ambacho jina lake huishia kwa «-dev», au «-devel» kwa wanaotumia Fedora na jamaa zake. Kwa upande wa curl, andika:

sudo apt install libcurl4-openssl-dev

Jina hilo haliwezi kubuniwa kichwani. Viko vifurushi vya curl vya aina zaidi ya moja, kulingana na maktaba ya usimbaji inayotumiwa, na haviwezi kukaa pamoja katika kompyuta moja. Majina mengine, kama zlib1g-dev, hayakisiki hata na mzoefu. Njia ya uhakika ni kuuliza mfumo ni kifurushi kipi chenye faili uliyotajiwa. Sakinisha apt-file, uisasishe kwa «sudo apt-file update», kisha uandike «apt-file search curl/curl.h». Usasishaji huo hupakua orodha kubwa, kwa hiyo kama unatumia bando la simu, ni nafuu kufungua tovuti ya packages.ubuntu.com na kutafuta jina la faili katika sehemu ya yaliyomo kwenye vifurushi. Kwenye Fedora swali hilo huulizwa kwa «dnf provides '*/curl/curl.h'».

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona vijana wengi wakisakinisha vifurushi ishirini kwa kubahatisha hadi kosa liondoke, bila kujua ni kipi kilichowaponya. Siku watakapohamishia kazi kwenye seva nyingine wataanza upya, na mteja anasubiri.

Kosa la pili, «undefined reference», lilitoka kwa kiunganishi, na linamaanisha kwamba kompaila imekwisha kuridhika. Hukunionyesha amri uliyotumia, lakini kwenye Ubuntu naweza kukisia kwamba ulitanguliza maktaba mbele ya msimbo, hivi:

gcc -lcurl -lmodbus mita.c -o mita

Kiunganishi husoma mstari huo kutoka kushoto kwenda kulia. Kinapofika kwenye -lcurl, hakuna bado faili yoyote iliyosema kwamba inahitaji curl_easy_init, na kwa kuwa gcc ya Ubuntu imepangwa kuacha kila maktaba ambayo haijahitajiwa kufikia hapo, libcurl huwekwa kando. Kinapofika kwenye mita.c na kukuta hitaji, hakirudi nyuma. Geuza mpangilio, mwenye kuhitaji atangulie na mwenye kutoa afuate:

gcc mita.c -o mita -lcurl -lmodbus

Hata hivyo mimi nisingeandika majina hayo kwa mkono. Maktaba nyingi huja na faili ndogo ya maelezo inayosomwa na pkg-config, ambayo hutaja folda za vichwa na majina ya kuunganisha. Libmodbus ni mfano mzuri, kwa sababu faili yake ya modbus.h hukaa ndani ya folda ya peke yake iitwayo modbus, na ukisahau kuitaja unarudi kwenye kosa la kwanza. Mstari huu unatosha:

gcc mita.c -o mita $(pkg-config --cflags --libs libcurl libmodbus)

Kama kiunganishi kingesema «cannot find -lmodbus», maana yake ingekuwa nyingine: kimetafuta faili ya libmodbus.so au libmodbus.a katika folda zake na hakikuiona. Libmodbus.so.5 ikiwepo peke yake haikitoshelezi, kwa kuwa kiungo kisicho na nambari huletwa na kifurushi cha -dev. Na kama kingesema «skipping incompatible», ungekuwa umekipa maktaba ya kompyuta ya aina nyingine, kwa mfano ya biti 32 katika mfumo wa biti 64, au iliyonakiliwa kutoka kwenye Raspberry Pi.

Sasa tufike kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo lililokukosesha usingizi. Programu imejengwa, lakini kipakiaji hakioni libmodbus.so.5. Ulipoijenga maktaba hiyo mwenyewe na kuandika «sudo make install», ilikwenda kwenye /usr/local/lib. Kwenye Ubuntu folda hiyo imo katika orodha ya mahali pa kutafuta, iliyo ndani ya /etc/ld.so.conf.d, lakini kipakiaji hakipekui folda hizo moja moja kila programu inapoanza. Kwanza husoma daftari lililokwisha kuandaliwa, yaani faili ya /etc/ld.so.cache, na daftari hilo halijui kwamba kuna mgeni hadi uliambie. Amri ni moja:

sudo ldconfig

Kisha hakikisha kwa «ldconfig -p | grep modbus», na baada ya hapo «ldd ./mita». Katika matokeo ya ldd, tazama mstari wowote wenye maneno «not found». Huo ndio upungufu wako. Tahadhari moja: usiendeshe ldd juu ya programu usiyoiamini, kwa sababu katika hali fulani inaweza kuianzisha programu yenyewe. Kwa programu ya namna hiyo tumia «readelf -d» na usome mistari yenye neno NEEDED. Wenye Fedora wajue pia kwamba kwao /usr/local/lib kwa kawaida haimo katika orodha, kwa hiyo ni lazima waandike faili yao ndani ya /etc/ld.so.conf.d kabla ya kuita ldconfig.

Lakini nina swali: kwa nini uliijenga libmodbus mwenyewe? Ubuntu 22.04 inayo katika kifurushi cha libmodbus-dev. Isipokuwa unahitaji uwezo uliomo katika toleo jipya tu, ningekushauri urudi kwenye folda ya msimbo, uandike «sudo make uninstall», kisha usakinishe cha Ubuntu. Maktaba unayoijenga kwa mkono haisasishwi na apt, kasoro za usalama zikigunduliwa hutaletewa marekebisho, na nakala mbili za maktaba moja, moja katika /usr/local/lib na nyingine katika /usr/lib/x86_64-linux-gnu, huzaa makosa ambayo hata mimi huchukua nusu siku kuyafumbua.

Kuhusu kiungo cha libssl, ambayo ni sehemu ya maktaba ya usimbaji ya OpenSSL, jibu langu ni hapana. Nambari iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ni ahadi ya mwandishi wake kwamba umbo la ndani halijabadilika. Ikibadilika kutoka 1.1 kuwa 3, ahadi ya kwanza imekwisha. Muuza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga, pale wengi bado wanapaita Grogan, hakuuzii kipuri kabla hujamtajia gari na mwaka wake, hata kama matundu ya boliti yanalingana kwa macho. Ukitengeneza kiungo hicho, kipakiaji kitafungua faili na papo hapo kitalalamika kwamba «version `OPENSSL_1_1_0' not found», kwa kuwa OpenSSL huweka alama ya toleo katika majina yake ya ndani. Hiyo ni bahati njema, maana angalau inakataa waziwazi.

Si kila maktaba ina kinga hiyo. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja hapa mjini ambako programu ya kuhifadhi picha za stakabadhi ilikuwa ikianza vizuri kisha kufa kila ilipofunguliwa picha. Katika faili ya kumbukumbu kulikuwa na mstari mmoja: «Wrong JPEG library version: library is 80, caller expects 62». Mtu alikuwa ameunganisha libjpeg.so.62 na libjpeg.so.8 miezi kadhaa nyuma, akaondoka kazini, na hakuna aliyejua. Libjpeg hujikagua yenyewe, ndiyo maana tuliona sababu mara moja. Maktaba isiyojikagua ingesoma kumbukumbu ya kompyuta mahali pasipo pake na kuandika takwimu zisizo sahihi bila kusema neno, na katika kazi yako takwimu hizo ni bili za maji za watu.

Libssl.so.1.1 haimo katika Ubuntu 22.04, na matengenezo ya bure ya OpenSSL 1.1.1 yalikoma Septemba 2023. Usipakue faili hiyo kutoka kwenye tovuti usiyoijua na kuitupa ndani ya /usr/lib. Mwandikie aliyekuuzia mita akupe toleo lililojengwa kwa OpenSSL 3. Wakati unasubiri, endesha programu hiyo ya usanidi ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa, ya Ubuntu 20.04, ambayo inayo libssl1.1, na usiifungulie intaneti ikiwa kazi yake ni kuzungumza na mita tu.

Jambo jingine linalofanana na hilo litakupata ukinakili programu yako kwenda kwenye kompyuta ya zamani. Ukiijenga kwenye 22.04, yenye glibc (maktaba ya msingi ya lugha ya C) 2.35, na kuipeleka kwenye 20.04, yenye glibc 2.31, unaweza kuambiwa «version `GLIBC_2.34' not found». Hapo ijenge upya kwenye mfumo wa zamani zaidi kati ya hiyo miwili. Usijaribu kamwe kubadilisha glibc kwa mkono, kwa maana karibu kila programu katika mashine inaitegemea, hata ls na sudo, na ukikosea huna tena amri ya kurekebishia.

Imebaki cron. Mstari wako wa LD_LIBRARY_PATH umo katika .bashrc, faili ambayo husomwa unapofungua terminali wewe mwenyewe. Cron haiisomi, na hata kama ingeisoma,.bashrc ya Ubuntu husimama katika mistari yake ya mwanzo ikiona hakuna mtu anayeandika amri. Ndiyo maana mchana programu iliiona maktaba na usiku haikuiona. Sudo nayo huondoa mpangilio huo, kwa hiyo ungekwama hata bila cron. Ukishatumia ldconfig, au ukishahamia kwenye libmodbus ya Ubuntu, mstari huo hauna kazi tena. Ufute kwenye .bashrc, ufunge terminali na kufungua nyingine, kisha ujaribu programu katika mazingira matupu kama yale ya cron:

env -i /home/jina-lako/mita/mita

Ikianza hapo, itaanza pia saa sita usiku. Isipoanza, ongeza «2>> /home/jina-lako/mita/makosa.txt» mwishoni mwa mstari wa crontab, na asubuhi unitumie kilichoandikwa humo pamoja na matokeo ya ldd.