Mleta mada usitoe hiyo laki tisa, anza na risasi bunduki baadaye

Mleta mada simama hapo hapo, hiyo laki tisa irudishe mfukoni. Najua umeuliza mengi kwa mpigo, uchukue hiyo bunduki kuukuu ya mitutu miwili anayokuuzia yule mzee wa Makete, au ujikaze uongeze hela uchukue Baikal ya Mrusi ya mtutu mmoja, au Maverick ya Mmarekani ya pampu, ukaunganisha na habari za kibali kinachukua muda gani na sanduku la kuhifadhia liweje. Sawa, ila mimi naanza na hiyo ya laki tisa maana nimefika pale ulipoandika "jamaa kanihakikishia ni twelve na inaingia risasi yoyote ya twelve" (twelve ni kipimo cha upana wa mtutu, nitakieleza mbele) nikasikia tumbo linanikata. Hilo neno INAINGIA ndilo lililonimalizia milioni moja na laki tatu.

Niko Mufindi, nina shamba la mahindi bondeni na miparachichi kidogo. 2016 kibali changu kilitoka baada ya kuzunguka kijijini, kata, wilayani, polisi, we acha tu, na mtu ukishazunguka hivyo unakuwa na haraka, unataka uishike hiyo silaha urudi nyumbani. Hapo ndo dalali mmoja wa Iringa mjini akaniletea habari ya mzee aliyekuwa anauza bunduki yake ya Mwingereza, imetengenezwa Birmingham, mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu, kitako cha mti mzuri mpaka unajiona usoni. Nikaipenda. Yule dalali akaifungua, akachukua risasi nyekundu mpya kwenye boksi, akaidondosha kwenye mtutu wa kulia, ikazama yenyewe, akafunga, kach! Akaniambia, "Umeona bosi? Imeingia kama imezaliwa humo. Twelve ni twelve." Nikatoa hela. Na asinicheke mtu hapa, hata wewe ungetoa, jicho limeona risasi imeingia na bunduki imefunga vizuri kabisa, ungetaka ushahidi gani tena?

Makaratasi yalihamishwa polisi kwa utaratibu, upande huo sina lawama.

Siku ya kwanza kuifyatua ilinipiga teke begani nikakaa wiki nzima nanyanyua mkono kwa shida. Nikaliangalia ganda lililotoka, mdomo wake umechanikachanika kama mswaki wa mti uliotafunwa. Nikampigia dalali, akacheka, akasema hiyo ndo nguvu ya Mwingereza, utazoea tu. UTAZOEA! Mtu hajui hata anachokiuza anakwambia utazoea. Halafu akanishauri kwa ajili ya nguruwe pori nitafute zile kali, ndefu, za milimita 76. Nikazipata. Nazo zikaingia. Nikapiga tatu tu, ya tatu nikasikia kabisa kuna kitu kimebadilika, bunduki ukiifunga inacheza kwenye bawaba, ukiinua juani unaona mwanga umepita kati ya mitutu na ule uso wa nyuma inapoegemea. Nikapitisha kidole kwa nje kwenye mtutu wa kulia, mbele kidogo ya pale risasi inapokaa, kuna kivimbe. Kidogo tu, kama jipu linaloanza. Na mkono wangu wa kushoto ndipo unaposhikaga, sentimita chache tu kutoka hapo.

Nikaipeleka Mbeya kwa fundi mwenye leseni, mzee mmoja mtaratibu sana. Wala hakuigusa bunduki kwanza. Alichukua rula, akaniwekea mezani risasi moja nzima na ganda moja lililokwisha kupigwa, vyote vya boksi moja.

"Kijana wangu, boksi limeandikwa ngapi?"

"Milimita 70, mzee."

"Haya pima hiyo nzima."

Nikapima, 58 hivi. Nikarudia nikidhani nimekosea.

"Sasa pima ganda."

70 kamili.

Aisee nilikaa kimya. Kumbe ile namba kwenye boksi ni urefu wa ganda likishafunguka, yaani baada ya kupigwa! Risasi ikiwa mpya mdomo wake umekunjwa kwa ndani, ndo maana inakuwa fupi. Kwa hiyo risasi ya 70 inaingia bila shida yoyote kwenye chemba ya 65 (chemba ndo pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa), ina nafasi ya kutosha kabisa, unafunga, unatabasamu. Ila ukifyatua ule mkunjo lazima ufunguke, na mbele yake hakuna nafasi tena, kuna koo la mtutu linaloanza kubana. Mdomo wa ganda unafungukia ndani ya koo, njia inakuwa nyembamba, marisau na moshi wote vinalazimisha kupita hapo, presha inapanda. Ndo maana bega liliuma na ndo maana maganda yalikuwa yanachanika. Bunduki ilikuwa inanipigia kelele toka siku ya kwanza na mimi namsikiliza dalali.

Mzee akaitoa mitutu, akaigeuza chali, akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa pale chini kwenye ubapa, uchafu wa miaka ukatoka, yakaonekana maandishi madogo ya kugongwa: 12, na pembeni 2½". Inchi mbili na nusu, ndo hiyo milimita 65. Ilikuwa imeandikwa pale pale miaka yote! Bunduki za Uingereza lazima zipelekwe kwenye nyumba ya majaribio kabla hazijauzwa, ya Birmingham ipo tangu 1813, na bunduki ikipita wanagonga alama chini ya mitutu. Mtu mwenye nia njema angeigeuza tu akasoma. Dalali hakuigeuza kwa sababu hata angeigeuza asingejua anasoma nini, lakini mdomo wa kusema "twelve ni twelve" anao.

Halafu mzee akaning'iniza mitutu kwa kidole kwenye kile kindoano cha chini, akaigonga kwa ukucha. Akaniambia mitutu mizima inalia kama kengele, sauti inabaki hewani. Yangu ilitoa sauti ya chungu chenye ufa. Akaiweka chini, akasema, "Hii usiipige tena mwanangu." Na sijaipiga tena mpaka leo.

Sasa mtasema bunduki za zamani za Mwingereza ni mbovu, hapana, msinilishe maneno. Ile bunduki ingepewa risasi zake za 65 ingeendelea kupiga mpaka kwa wajukuu, na Uingereza mpaka leo risasi za 65 zinatengenezwa. Lakini nilizunguka Iringa, nikaulizia Mbeya, nikapiga simu Dar, kila duka ni 70 au 76. Utafanyaje, uagize kontena? Kwa hiyo ile bei ya "rahisi" haikuwa rahisi, nilinunua chuma kisicho na chakula nikakilisha chakula cha wenzake kikafa.

Ndo maana nakwambia, na ukisahau yote nimeandika hapa hili usisahau: ANZA NA RISASI. Kabla hujaangalia bunduki ya mtu yeyote nenda duka la silaha lililo karibu na wewe, waulize ni risasi gani zipo mwaka mzima, siyo zilizopo leo, mwaka mzima. Andika namba. Ukirudi sasa tafuta bunduki ambayo mtutu wake umeandikwa namba hiyo. Siyo inayoingia, ILIYOANDIKWA. Fupi kwenye chemba ndefu hakuna tatizo, 65 au 70 kwenye chemba ya 76 pigeni tu, ndefu kwenye fupi ndo balaa. Na zile za 76 siyo urefu tu, mzigo wenyewe mkubwa, kwa viwango vya Ulaya risasi ya kawaida ya 12 presha mwisho baa 740, hizi kali zinaruhusiwa kufika 1050. Sasa fikiria hiyo 1050 kwenye mtutu wa babu.

Na hiyo 12 yenyewe watu wengi wanadhani ni milimita. Siyo. Ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi ukiigawa goroli 12 zilizo sawa, goroli moja upana wake ndo upana wa mtutu, kama milimita 18.5. Ndo maana 20 ni nyembamba kuliko 12, goroli 20 kwenye ratili ile ile. Hapa kuna hatari nyingine, yule fundi alinionyesha kwa maganda matupu mpaka nikatoka jasho: ukiidondosha risasi ya 20 kwenye mtutu wa 12 inateleza, inapita chemba, inakwenda kukwama mbele kooni, ukichungulia haraka haraka unaona chemba tupu. Unadhani hujaweka kitu, unaweka ya 12 nyuma yake, inakaa vizuri, unafunga. Ukifyatua mtutu unapasuka mkononi. Kwa sababu hiyo za 20 nyingi zinatengenezwa rangi ya njano, mtu akiona njano ashtuke. Nyumba yenye bunduki ya 12 isiwe na hata risasi moja ya njano, iwe droo, iwe mfuko wa koti, popote.

Haya, Baikal. Ndo niliyonayo sasa, mtutu mmoja, IZh-18, ya mtumba kutoka duka lenye leseni, na kwenye mtutu wameandika 12/70 unaisoma bila miwani. Inatengenezwa Izhevsk, Urusi, mji ule ule wa Kalashnikov. Ni nzito, mbao yake imechongwa kama ya jembe, hakuna atakayekusifia kwenye harusi. Lakini kuna wenzo nyuma ya kikinga cha triga, unabonyeza inafunguka, ukifunga imekokiwa, yaani iko tayari kufyatua, na kuna kipini kinajitokeza kukuonyesha kwamba imekokiwa, hata usiku unakipapasa kwa kidole gumba. Vitu vya kuharibika ni vichache mno. Kingine ndani ya mtutu kuna kromu, na mtu wa Mufindi au Njombe anajua naongelea nini, huku ukungu unaingia mpaka kwenye godoro, chuma kisicho na kromu ukikiacha wiki mbili bila mafuta kimeota kutu kama msumari wa paa. Yangu miaka saba, kitambaa na mafuta tu, haijanisumbua siku moja.

Maverick 88 nimeishika ya jirani, siyo yangu, ila ni ya Mossberg, inaunganishwa Eagle Pass, Texas, na vipuri vingi vinaingiliana na Mossberg 500 ambayo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo fundi hahangaiki. Tofauti utakayoiona haraka ni sefti, kile kizuizi cha kufyatua kwa bahati mbaya, 500 ipo juu unasukuma kwa gumba, 88 ni kitufe cha kupenyeza karibu na triga. Zote mbili zimeandikwa kwa inchi, 2¾ na 3, usibabaike, 2¾ ndo 70 na 3 ndo 76. Kama hela inafika ni nzuri. Kama haifiki chukua Mrusi wa mtutu mmoja ulale usingizi, kwa kulinda banda la kuku na shamba huhitaji zaidi ya hapo. Na hao ngedere na nguruwe uliosema, kaongee na afisa wanyamapori kwanza kabla hujafyatua chochote, usije ukaokoa mahindi ukaenda kulala ndani.

Ila narudi kwa yule mzee wa Makete, maana naona umeandika unamfuata Jumamosi. Simtukani, inawezekana hata yeye hajui, bunduki kairithi na amekuwa akiipigia chochote kilichokuja. Nenda, ila usibebe hela. Beba rula, kitambaa na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa ya dawa. Mwambie shikamoo, akufungulie yeye mwenyewe, ahakikishe ni tupu, aitoe mitutu. Itikise bunduki ikiwa imefungwa usikie kama bawaba inacheza. Angalia mwanga kama unapita. Pitisha kidole nje ya mitutu yote miwili, taratibu, ukifumba macho utasikia vizuri zaidi. Ining'inize uigonge. Halafu igeuze chali, futa pale chini kwenye ubapa mpaka chuma kiwe cheupe, usome. Ukiona 2½ mshukuru mzee, kunywa chai yake, panda gari urudi. Ukiona 2¾ au 70 bado usilipe, mpelekeeni fundi apitishe kipimo cha chemba, maana kuna watu walichonga chemba za zamani ziwe ndefu na chuma kikabaki chembamba.

Piga picha hayo maandishi, ziba namba ya silaha kwa kidole, iweke hapa hapa Jumamosi jioni. Nitakuwepo, nitaisoma.