Ukipewa kisanamu cha bronzi, anza na nyayo

Wewe uliyeanza juzi kazi kwenye stoo ya makumbusho, ukaletewa trei ya miungu ya Misri ya kale, najua macho yako yanakimbilia wapi: usoni. Hata mimi nilianza hivyo. Wiki ya kwanza nilipata mwanamke ameketi, kichwa cha simba jike, nikaandika kwenye kadi "Sekhmet", mungu wa kike mwenye kichwa cha simba jike, bila kusita. Bosi wangu alikizungusha kisanamu polepole, akanisomea maandishi ya kwenye kiti: Wadjet, mungu wa kike wa Buto, kule Delta ya Nile. Kadi nikaichana.

Kwa hiyo kigeuze kwanza. Chini ya nyayo mara nyingi utakuta kijino cha kuchomekea kwenye kitako. Kitako kikiwepo, kisome pande zote nne: "Osiris amjalie uzima" fulani, mwana wa fulani. Huyo ndiye aliyekitoa sadaka hekaluni, na jina lake lina thamani kuliko uzuri wa sura.

Osiris, mungu wa wafu, utamzoea haraka kwa sababu ni wengi mno: mwili umefungwa kama maiti, fimbo na mjeledi kifuani. Mtoto mwenye kidole mdomoni na shungi la nywele ubavuni ni Harpokrates, yaani mungu Horus akiwa mtoto. Mwanamume mwenye upara, hana taji, amefungua hati magotini, ni Imhotep, mtumishi wa mfalme Djoser aliyekuja kuabudiwa zamani sana baada ya kufa kwake. Wageni watakuuliza kama ni vya enzi ya farao Tutankhamun. Vingi si vyake. Ni vya kuanzia mwaka 664 KK hivi, yaani karne sita na zaidi baada yake.

Usitafute pacha. Fundi alichonga nta, akaifunika udongo, akaiyeyusha, akamimina shaba iliyochanganywa na bati na mara nyingi madini ya risasi, kisha akavunja kalibu. Vikubwa vina udongo ndani, na macho hayatoshi. Yule paka maarufu wa bronzi wa British Museum, London, anayeitwa kwa jina la Gayer-Anderson, anaonekana mzima kabisa. Eksirei ndiyo iliyoonyesha ufa unaokaribia kumzunguka mwili.

Sasa kutu. Ile ya kijani kibichi iliyoshikamana, iache. Unga wa kijani hafifu unaodondoka ukigusa ndio ugonjwa: kloridi imekutana na unyevu. Kitenganishe kisanamu hicho na vingine, kiweke pakavu, mwite mhifadhi. Mimi niliupangusa kwa pamba yenye maji, nikajiona fundi. Baada ya siku chache unga ulirudi, mwingi kuliko mwanzo.

Na usikwangue kitu kabla ya kuangalia kwa lenzi. Huko Saqqara, eneo la makaburi ya kale karibu na Kairo, visanamu vingine vilizikwa vimefungwa kitani. Mgongoni mwa Osiris mmoja, mahali nilipodhani ni uchafu tu, palikuwa na nyuzi zilizogeuka kutu, msuko wake bado unahesabika.