Ukienda ziwani na baba, mwache aulize yeye

Baba aliondoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa treni akiwa kijana wa miaka 19, na tangu hapo hajaacha kutusimulia mawimbi ya kiangazi. Kusi ikianza kuvuma, yeye na wenzake walikuwa wanaokota ubao wa mtumbwi uliovunjika, wanaulalia kifudifudi na kubebwa na wimbi mpaka mchangani. Mimi nimekulia Dar es Salaam na mchezo huo nimejifunza ukubwani, baharini. Basi Julai tulipokwenda Kigoma kwenye harusi ya binamu yangu, nilibeba ubao wangu wa sponji. Mzee ana miaka 67.

Tulipita Katonga, karibu na mji wa Kigoma, tukaendelea kidogo, tukakuta ufuko mdogo ambao si yeye wala mimi tuliyewahi kuukanyaga. Hapo nikafanya kosa. Nilidhani mtu wa Ujiji anazijua fukwe zote za Tanganyika, ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 670! Na lenyewe halitulii. Katika karne ya 19 lilipanda hadi miaka ya 1870, likapasua njia kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, likashuka tena. Miaka hii ya karibuni limepanda upya na kumeza mchanga, miti na nyumba za watu. Hata ufuko wa utotoni mwake, baba angeufikia kama mgeni.

Mawimbi mawili ya kwanza yalimbeba vizuri, akacheka kama mtoto. La tatu likampitisha juu ya msingi wa banda uliokuwa chini ya maji. Akatoka na muundi umechunika, damu inachuruzika, anasema, "Hamna kitu."

Kijana mmoja alikuwa kivulini anashona nyavu. "Shikamoo mzee wangu. Mngeniuliza, ningewaambia. Hapo tulikuwa tunahifadhi dagaa kabla maji hayajaja."

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: kabla hamjalowa, tafuteni mtu anayefanya kazi pale pale. Ila usiulize wewe, mwache mzazi aulize. Mimi nikiuliza mbele ya baba, inaonekana nimemwona hajui. Akiuliza yeye, ni mazungumzo ya mtu mzima na kijana wa nyumbani kwao, na utasikia mambo ambayo wewe usingefikiria kuyauliza. Baba alipomuuliza yule kijana, ndani ya nusu saa aliambiwa mamba alionekana upande gani na lini, akina mama wanafulia wapi, na chini panakatika wapi. Hilo la mwisho si dogo. Ziwa hili kina chake kinafika mita 1,470, na kwenye kingo za mawe unaweza kupiga hatua tatu maji yako magotini, ya nne hupati chini.

Kama umezoea bahari, sahau nusu ya unayoyajua. Hakuna kupwa na kujaa hapa, kwa hiyo jiwe lililofichwa na maji halitajitokeza jioni ulione. Maji yasiyo na chumvi hayakubebi kama ya bahari. Baba alishangaa nilivyokuwa nahema. Na mawimbi yanaletwa na upepo tu, yanafuatana karibu karibu, hayakupi nafasi ya kupumua.

Upepo ndio ulionitia hofu zaidi. Kusi ya kule inatoka kusini-mashariki, na ufuko wa Kigoma unatazama magharibi. Mtu aliyelala juu ya ubao mwepesi anaweza kusukumwa kuelekea Kongo huku akidhani anaelea tu. Tupa kijiti majini, ukitazame kwa dakika tano. Cha kwetu kilikuwa kinakwenda nje. Tukahamia mahali alipotuonyesha yule kijana, nyuma ya mwamba, na tukaazima kwake dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko mzima, tukalifunga kwa kamba kwenye ubao. Kama una jaketi la kujiokoa, bora zaidi, lakini baba yangu asingelivaa. Dumu alilikubali kwa sababu zamani yeye na wenzake walikuwa wanatumia dumu.

Kichocho kipo ziwani, tusidanganyane. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kuoga kwenye kidimbwi cha pembeni "kwa sababu ni salama kwa mzee" ni kujitafutia ugonjwa. Jifuteni mara mnapotoka, na baada ya miezi miwili mkapime. Dawa yake ipo. Baba hapendi hospitali. Nilimwambia ninakwenda kupima mimi, anisindikize, na tulipofika tukapima wote. (Mama ndiye aliyenifundisha mbinu hiyo.)

Siku ya pili kule Kigoma niliamka nikakuta ubao haupo, na baba hayupo. Nilichukua bodaboda mpaka kule huku moyo unadunda. Nikamkuta ameketi juu ya ubao wangu mchangani, mkavu kabisa, ameshika upande mmoja wa wavu, yule kijana ameshika wa pili.

"Anasema tusubiri upepo upungue," akaniambia. "Kaa hapa, shika hii."