Maswali ya Wasomaji: Radhi Bila Cherehani

Mdogo wangu ana miaka 19. Mwezi wa kumi na mbili alichukua cherehani ya mama akaiuza shilingi 120,000, hela yote ikaishia kwenye kubeti. Mama ni fundi nguo, na huo ndio msimu wa sare za shule. Baba alitaka kumfukuza. Mjomba akaita kikao, kijana akapiga magoti, akasema "kama nimewakosea mnisamehe". Mama akapika pilau, tukala, ikatangazwa yameisha. Mpaka leo mama hamsemeshi, na mimi nikiulizia cherehani naitwa mchochezi. Hii ndiyo haki rejeshi inayosifiwa siku hizi?
*Dada mkubwa, Morogoro*

Sio, dada. Haki rejeshi ni aliyekosa kurekebisha alichoharibu, kwa kumsikiliza aliyeumia. Hapo mlifunika kombe. Tazama nani aliyepika: mtu aliyeibiwa ndiye aliyeingia jikoni kuhudumia kikao, na katika barua yako yote hakuna mahali alipoulizwa chochote.

Mmarekani Howard Zehr, ambaye wengi wamejifunza kwake jambo hili, huanza na maswali haya: nani ameumia, anahitaji nini, na kukidhi hitaji hilo ni wajibu wa nani. Mwaka 1974 huko Elmira, Kanada, vijana wawili waliharibu mali za watu 22 kwa usiku mmoja. Afisa aliyewasimamia alimwomba hakimu wapelekwe mlango kwa mlango kwa wale waliowakosea. Walikwenda, wakasikia hasara ya kila mmoja, kisha wakarudi na malipo. Walichokifanya ni kurudi na malipo, na ndicho kilichokosekana kwenu.

Anza na mama, peke yake, siku asiyo na haraka. Muulize alifanya nini alipokuta meza tupu. Wateja wangapi walidai vitambaa vyao? Nani alirudishiwa malipo ya awali? Ni kitu gani kikifanyika ataweza kukaa na mwanawe sebuleni? Andika kwa maneno yake, usiyalainishe. Pengine hela ni nusu tu ya uchungu; mafundi wengi huumia zaidi kwa jina lililoharibika kwa wateja. Kama ni hivyo, kijana atalazimika kwenda kwa wateja wale mwenyewe kueleza kwamba sare hazikuchelewa kwa uzembe wa mama.

Ndipo uende kwa kijana, naye peke yake. Kwanza akutajie cherehani alimuuzia nani. Cherehani ya zamani huwa haiendi mbali, na kuikomboa kunaweza kuwa rahisi kuliko kununua. Kisha mfanye alitamke kosa bila neno "kama". "Kama nimewakosea" ni radhi yenye mlango wa nyuma. Inayotakiwa ni: "Mama, nilichukua cherehani yako, nikaiuza, ukakosa kazi za Januari." Akishindwa kusema hivyo mbele yako, hayuko tayari kukaa mbele ya mama. Ahirisha. Matayarisho haya yanaweza kula wiki mbili tatu, na vikao vingi huharibika kwa sababu watu huyaruka.

Siku ya kikao wawepo wachache: mama na mtu amchaguaye, kijana na mtu wake, na msimamizi asiyeegemea upande. Mjomba apumzike, kwa kuwa ameshatangaza kwamba yameisha. Mama aamue nani aanze kusema. Saa moja na nusu inatosha. Chakula kije baada ya makubaliano kuandikwa, na akipike mwingine.

Mkikosa kuikomboa, piga hesabu ya kweli. Tuseme nyingine kama ile ni 280,000, na kijana anapata vibarua vya saidia fundi siku nne kwa wiki, 12,000 kwa siku. Hiyo ni 48,000. Msimwambie alipe 40,000, maana mpango unaokatika wiki ya tatu humuumiza mama mara ya pili. Aweke 20,000 kila Jumamosi, kwa wiki 14. Kwa kuwa ana tatizo la kubeti, mwombeni akubali fundi wake amkabidhi shangazi kiasi hicho kabla hela haijafika kwenye simu yake. Familia ikiweza, inunue cherehani sasa ili mama afanye kazi, kisha kijana adaiwe na familia. Ila ndugu asimlipie na kusema basi, hapo deni litakuwa limekwisha na kijana atakuwa palepale.

Na mama asilazimishwe kusamehe. "Yaliyopita si ndwele" ni usemi mzuri ukitoka kinywani mwa aliyeumizwa. Wengine wakimwambia yeye, wanamnyamazisha.

Mweka hazina wa kikoba chetu alijikopesha 180,000 kimyakimya, mtoto wake alikuwa amelazwa. Wenzangu wanataka jina lake lirushwe kwenye grupu la WhatsApp.
*Mwanachama, Tabata*

Msilirushe. Mtu akishaitwa mwizi mbele ya watu 30 hana tena sura ya kuiokoa kwa kulipa, na wengi huhama mtaa. Linganisheni daftari na sanduku kwanza, mjue kiasi kamili. Halafu jiulizeni: sanduku la kikoba kwa kawaida lina kufuli tatu na washika funguo watatu, sasa lilifunguliwaje? Mara nyingi jibu ni kwamba mmoja aliachiwa funguo mbili "kwa urahisi". Hilo ni kosa la kikundi, lisemwe mbele yake. Muulizeni pia kwa nini hakuomba mfuko wa jamii, yaani akiba ya kikundi ya kusaidia wenye shida kama ugonjwa. Aandikiwe marejesho yenye tarehe, na kitakachofuata akikosa. Mnaweza kumsamehe leo bila kumrudishia funguo, funguo zisubiri.

Mume wangu hunipiga, kisha huomba msamaha kwa machozi. Wazee wa ukoo wanataka tukae kikao cha upatanisho.
*Tanga*

Usikae, dada yetu. Kikao cha namna hii kinahitaji watu wawili wanaoweza kusema "hapana" bila kuogopa kitakachotokea wakirudi nyumbani. Wewe huna nafasi hiyo sasa, na ukweli utakaousema mchana unaweza kuulipia usiku.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Ukiambiwa lazima upite baraza la usuluhishi kwanza, jua kwamba sharti hilo linahusu kufungua shauri la talaka mahakamani, nalo lina misamaha yake. Kuripoti kipigo polisi hakuhitaji baraza lolote. Nenda kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto, uombe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali, majeraha yaandikwe yakiwa mabichi. Kabla ya hapo, kitambulisho, cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto zihifadhi kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo.