Maswali ya Wasomaji: Nasibu Uwanjani, Nasibu Kwenye Kompyuta

Toleo hili tunajibu barua za walimu na wanafunzi wanaofanya uigaji wa nasibu nje ya darasa, yaani kukadiria jibu kwa kurudia jaribio la bahati mara nyingi, kabla ya kuikabidhi kompyuta kazi hiyo hiyo.

SWALI: Ndugu Mhariri, tulichora uwanjani mraba wa mita 2 kwa 2, ndani yake duara linalogusa pande zote nne. Wanafunzi walirusha maharage 200, na 180 yakaangukia ndani ya duara. Tulipogawa 180 kwa 200 na kuzidisha kwa 4 (kwa kuwa duara huchukua robo ya pai ya eneo la mraba) tukapata 3.6 badala ya pai, yaani 3.14. Ni bahati mbaya au tumekosea? *(Mwalimu wa hisabati, sekondari)*

JIBU: Mwalimu, bahati haihusiki hapa. Kwa nukta 200 zilizotawanyika kwa nasibu halisi, kadirio la pai kwa kawaida hupotoka kwa kama 0.12, juu au chini. Likipotoka mara mbili ya hapo si ajabu kubwa. Ninyi mmepotoka kwa 0.46, karibu mara nne, na kwa nukta za nasibu jambo hilo ni adimu mno.

Kosa liko mkononi. Hesabu yenu inadai sharti moja tu: kila kipande cha mraba chenye eneo sawa kiwe na nafasi sawa ya kupata nukta. Mtu anayerusha hulenga katikati hata akikatazwa, kwa hiyo pembe nne za mraba, ambazo ndizo zilizo nje ya duara, hukosa nukta zao. Kumfumba macho hakusaidii, maana hapo hulenga alipokumbuka. Na maharage hubiringika. Kwenye ardhi ngumu huishia kwenye vishimo, kwa hiyo mnapima vishimo vya uwanja.

Acheni kurusha, chagueni nukta kwa namba. Kateni vikadi 10 vinavyolingana kabisa, andikeni 0 hadi 9, vitieni kwenye mfuko usioonyesha ndani. Mwanafunzi achomoe kikadi, aandike, akirudishe, atikise mfuko, achomoe tena. Namba mbili zinatoa kitu kati ya 00 na 99. Zidisheni kwa 2, ongezeni 1, mtapata umbali kwa sentimita kutoka kona: 37 inakuwa sm 75. Hiyo ni kwa upande wa kwanza. Rudieni kwa upande wa pili. Kila nukta inakula kuchomoa mara nne.

Kundi la wanne linatosha: mmoja mfukoni, mmoja daftarini, wawili kwenye futi kamba. Kigingi kikae katikati ya mraba kikiwa na kamba ya mita 1 kamili. Nukta ikifikiwa na kamba, iko ndani. Hakikisheni kwanza kuwa mraba ni mraba: pande nne zikiwa sawa lakini pembe zimelala, mtakuwa na msambamba. Pimeni pembe hadi pembe pande zote mbili, kila kipimo kitoke m 2.83.

Mahali ambapo kazi huharibika mara nyingi ni kwenye kurudisha kikadi. Kisiporudishwa, namba kama 33 au 77 haziwezi kutokea kamwe, na mistari kumi ya uwanja inabaki bila nukta hata moja kila upande.

Kama mawingu yamekusanyika, ipo njia nzuri zaidi ambayo haihitaji mfuko. Chukueni karatasi ngumu, chora mraba wa sm 20 na duara lake kwa penseli (wino huyeyuka), acheni ukingo mpana kuzunguka mraba. Manyunyu ya kwanza yakianza, ilazeni mahali pa wazi kwa sekunde chache tu, kisha zungushieni kila tone alama ya penseli kabla halijakauka. Matone ya mvua hayalengi. Upepo hauharibu kitu mradi karatasi imelala sawasawa, ila msisimame chini ya mti wala karibu na paa, kwa sababu huko matone hudondoka palepale. Mkichelewa kuiondoa, matone yanaungana na hamwezi tena kuyahesabu.

SWALI: Pai tunaijua tayari, na wanafunzi wananiuliza faida yake nini. Kuna kitu cha kupima ambacho jibu lake halimo kitabuni?

JIBU: Kivuli cha mti. Umbo lake halina kanuni, na hapo ndipo njia hii inapofaa. Zungusheni mstatili unaokimeza kivuli chote, tuseme mita 10 kwa 6. Chagueni nukta 100 kwa mfuko wenu, kwa sheria ile ile ila kipimo kibadilike: upande wa mita 10, kila namba ni sm 10 na mnaongeza 5, upande wa mita 6, kila namba ni sm 6 na mnaongeza 3. Nukta 38 zikiangukia kivulini, eneo ni 0.38 × 60, yaani mita za mraba 22.8, na kosa la kawaida, yaani kiasi ambacho kadirio hupotoka kwa kawaida, ni kama mita za mraba 3.

Mstatili usiwe mkubwa kupita kiasi. Kivuli kikichukua sehemu ndogo sana ya mstatili, nukta nyingi zinapotea bure na kosa linakua ukililinganisha na eneo lenyewe. Jambo la pili ni jua: kivuli hakisubiri. Kabla ya nukta ya kwanza, wanafunzi wote waweke majivu au vijiti kwenye ukingo wa kivuli kwa mkupuo mmoja, kisha mpime umbo hilo lililowekewa alama. Madoa ya mwanga katikati ya majani amueni mapema kama ni kivuli au si kivuli. Uamuzi wowote unafaa, mradi usibadilike nukta ya hamsini.

SWALI: Shikamoo. Sisi tunatumia vizibo vya chupa badala ya sarafu, lakini vinaanguka chali mara nyingi kuliko kifudifudi. Tunaweza kupata nusu kwa nusu? *(Mwanafunzi, kidato cha tatu)*

JIBU: Marahaba. Mnaweza, tena bila kujua kizibo kimeegemea upande gani kwa kiasi gani. Njia hii ilielezwa na mwanahisabati John von Neumann mwaka 1951. Rusha kizibo kimoja mara mbili. Kikianguka chali kisha kifudifudi, andika 1. Kifudifudi kisha chali, andika 0. Kikianguka namna moja mara zote mbili, futa, anza jozi mpya.

Inafanya kazi kwa sababu, kama chali ni 0.6, basi 0.6 × 0.4 na 0.4 × 0.6 ni sawa, 0.24 kila moja. Gharama yake ni kwamba zaidi ya nusu ya jozi zinatupwa, kwa hiyo kila 1 au 0 inakula mirusho kama minne. Msirushe vizibo viwili tofauti kwa pamoja, maana kila kimoja kina mwegemeo wake na usawa unavunjika. Jozi pia zisipandane: mrusho wa 1 na 2, kisha wa 3 na 4, kamwe si wa 2 na 3.

SWALI: Tuliongeza nukta kutoka 100 hadi 200 tukitegemea kosa lipungue nusu. Halikupungua hivyo. Kwa nini?

JIBU: Kosa hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha idadi ya nukta. Ili lipungue nusu, nukta ziwe mara nne. Ili mpate tarakimu moja zaidi iliyo sahihi, ziwe mara mia. Kwa jaribio la pai, nukta 100 zinatoa kosa la kawaida la 0.16, nukta 10,000 zinatoa 0.016, na nukta milioni moja 0.0016. Hapa ndipo mfuko wa vikadi unapofika mwisho wa uwezo wake, na hapa ndipo tungewashauri mrudi ndani kwenye kompyuta, si kabla.

Lahajedwali (kama Excel) inatosha. Safu A na B, andikeni =RAND() katika mistari 1,000. Safu C, =IF(A1^2+B1^2<=1,1,0), mkiishusha hadi chini. Katika seli moja pembeni, =4*AVERAGE(C1:C1000). Mashine nyingine hudai nuktamkato mahali pa mkato. Hii ni robo ya duara ndani ya mraba wa 1 kwa 1, uwiano ni ule ule. Bonyezeni F9 na jibu litabadilika. Lirekodini mara 20. Mengi yatakuwa kati ya 3.04 na 3.25. Msichague lile lililokaribia 3.14 mkaliita jibu. Mtawanyiko wa yale 20 ndio matokeo, kwa sababu ndio unaoonyesha kosa ni kubwa kiasi gani siku ambayo jibu sahihi hamlijui.

SWALI: Programu yetu ya Python inatoa kadirio lile lile kila tukiiendesha, na makundi yote manane yamepata jibu moja hadi desimali ya mwisho. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, ila nyote mmenakili mstari wa random.seed wenye namba moja. Kompyuta haichezi bahati. Huanza na namba, iitwayo mbegu, kisha huzalisha nyingine kwa hesabu isiyobadilika. Mbegu ile ile, mfululizo ule ule. Mkichukua wastani wa makundi manane hapo hamjaongeza chochote, ni jaribio moja lililoandikwa mara nane. Kila kundi litumie mbegu yake na liiandike daftarini, ili tokeo lolote la ajabu liweze kurudiwa na kuchunguzwa. Mkiufuta mstari huo kabisa, Python huchukua mbegu kutoka mfumo endeshi na mfululizo hautarudiwa tena.

Ubora wa hesabu hiyo nao ni suala. RANDU, kizalishi cha namba za nasibu kilichotumika sana miaka ya 1960 na 1970, kilizidisha kwa 65539 na kuchukua baki kwa 2 kipeo cha 31. Ukizipanga namba zake tatu tatu kama nukta ndani ya mchemraba, zote zinalala juu ya bapa 15 tu. Uigaji uliotegemea nukta tatu tatu uliharibika bila dalili yoyote machoni. Python hutumia Mersenne Twister ya Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, iliyochapishwa 1998, ambayo kwa kazi za shule na nyingi za kisayansi inatosha kabisa. Kwa nywila na siri haifai, maana anayepata namba za kutosha mfululizo anaweza kubashiri zinazofuata.

SWALI: Ni kweli njia hii ilianzia kwenye mchezo wa karata?

JIBU: Wazo, ndiyo. Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akiwa anapona ugonjwa, alitaka kujua uwezekano wa kushinda mchezo wa karata wa mtu mmoja. Hesabu ilimshinda, akaona ni rahisi kuucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi. Yeye na von Neumann waliupeleka mtazamo huo kwenye mwendo wa nyutroni huko Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, na mwaka 1948 kompyuta ENIAC ikaendesha hesabu hizo. Mwenzao Nicholas Metropolis ndiye aliyependekeza jina la njia hii, Monte Carlo. Lakini kupata pai kwa kurusha vitu ni kukongwe zaidi: sindano ya Buffon, yaani swali la uwezekano wa sindano iliyorushwa kuvuka mistari sambamba ya sakafu, ambalo jibu lake lina pai, ni ya 1777.

SWALI: Katika somo la mimea tunarusha fremu ya sm 50 nyuma ya bega na kuhesabu mimea. Sawa?

JIBU: Hapana, kwa sababu zile zile za maharage. Tumieni vikadi. Mmea unaogusa ukingo uhesabiwe kwenye pande mbili zilizochaguliwa mapema, si zote nne, la sivyo msongamano unaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

SWALI: Wanafunzi 30 walitembea kwa nasibu hatua 25 kila mmoja, mwelekeo ukiamuliwa na sarafu mbili. Kitabu kinasema umbali ni kipeuo cha pili cha 25, yaani 5. Sisi wastani wetu ni 4.4. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, hamkukosea kutembea, mmekosea wastani. Ile 5 inatoka kwenye umbali uliopigwa mraba: kila mwanafunzi azidishe umbali wake kwa wenyewe, mchukue wastani wa majibu hayo, kisha kipeuo. Wastani wa umbali wenyewe hukaa kwenye kama 0.89 ya hapo, na 0.89 × 5 ni ile 4.4 yenu. Mraba wa umbali hata hauhitaji futi kamba kama mwanafunzi ameweka hesabu ya hatua: hatua 3 mashariki na 2 kaskazini ni 9 + 4 = 13. Wastani wa watu 30 ukitoka popote kati ya 20 na 30, msishtuke.

Angalieni mambo mawili. Sarafu mojawapo iwe na alama, maana kichwa-mwenge na mwenge-kichwa ni pande mbili tofauti. Zisipotofautishwa, mwelekeo mmoja hupotea na mwingine hupata nusu ya hatua zote. La pili ni uwanja wenye mteremko: hatua za kushuka huwa ndefu kuliko za kupanda, na kundi zima husogea bondeni. Pigeni alama za gridi ya sm 50 kwa kamba, na watu wasimame kwenye makutano tu. Baada ya hatua 25, pigeni wastani wa mahali walipo wote 30. Kila upande, mashariki–magharibi na kaskazini–kusini, wastani huo usiwe mbali na mahali pa kuanzia kupita hatua 1 au zaidi kidogo. Ukifika hatua 2, rudini mkague sarafu na kamba.